STAJI YA VAKANSI KWA WAAVOKA WA BIASHARA KULE LONDON: NAMNA YA KUIOMBA



Wengi kati yetu wanataka kusoma sheria, lakini tunasikia wengine wakisema: "Biro kubwa za waavoka kule Ulaya, mutu anaingia kwa kujuana tu." Basi tumeona vema kueleza neno hili polepole. Tunatwaa mufano wa Uingereza, maana kule njia ya kuingia imeandikwa wazi, na kila mutu anaweza kuisoma.

Kwanza, ni kazi gani? Kule Uingereza waavoka ni wa aina mbili. Barista ndiye anayesimama zaidi mbele ya waamuzi. Solisita anatumika zaidi katika biro: anashauri wateja, anaandika mapatano, anatayarisha kesi. Biro za biashara kama Clifford Chance, Linklaters ao Slaughter and May ni za masolisita. Wateja wao ni mabenki na kompanyi za mafuta, za madini, za ndege. Mutu mwenye kesi ya shamba ao ya ndoa hapeleki kesi yake pale.

Kusudi mutu awe solisita, anapashwa kumaliza chuo kikuu, kushinda mitihani inayoitwa SQE, iliyoanza mwaka 2021, na kutumika miaka 2 chini ya wakubwa wa kazi. Sehemu ya kwanza tu ya mitihani ile ina maulizo 360. Biro kubwa huwa zinamulipia kijana masomo ya mitihani, na miaka ile 2 anapata mushahara. Lakini zinamuchagua mbele sana, mara mingi miaka 2 mbele ya kuanza kazi. Na fasi wanapochagulia wengi ni katika staji ya vakansi.

Staji ile ni ya juma 1 mpaka 4, zaidi wakati wa vakansi kubwa, na mwanafunzi analipwa. Anaikala karibu na solisita mumoja, anasoma kartasi, anaandika kazi ndogo, na kwa mwisho anaulizwa maulizo ya kuingia kazini. Hata avoka ya sokoni tunaibonyeza kwanza, kiisha tunanunua. Avoka wa biro naye ni vilevile.

Ni nani anaweza kuomba? Wale wanaosoma sheria wanaomba katika mwaka unaotangulia mwaka wa mwisho. Wale wanaosoma mambo mengine, sawa historia ao kemia, wanaomba katika mwaka wa mwisho ao wakiisha kumaliza. Ndiyo, hata mutu wa kemia anakubaliwa! Wa mwaka wa kwanza wana siku zao fupi za kutembelea biro. Kwa staji ya vakansi kubwa, mulango unafunguliwa karibu na mwezi wa 9 ao wa 10, na unafungwa karibu na mwezi wa 12 ao wa 1. Biro zingine zinasoma barua namna zinavyofika, basi mwenye kungojea siku ya mwisho anaweza kukuta nafasi zimeisha.

Sasa tuje kwa barua yenyewe. Wanaoomba ni wengi sana, nafasi ni chache. Katika formulere wanauliza mambo matatu: juu ya nini unataka kazi hii? juu ya nini biro yetu? umefanya nini? Wengi wanaanguka kwa ulizo la pili. Wanaandika "biro yenu ni kubwa na yenye sifa", kiisha wanatuma maneno yaleyale kwa biro kumi. Jaribu hivi: futa jina la biro, weka la ingine. Kama barua ingali sawa, haijasema kitu. Barua nzuri inataja kazi fulani ambayo biro ile imefanya, na kueleza kwa nini kazi ile inakuvuta.

Kwa ulizo la tatu, usizarau kazi ndogo. Aliyechunga feza za ekipe ya mupira na kutoa hesabu bila kupungua hata franga moja, ana neno la kusema kushinda yule anayeandika tu "mimi ni mutu wa bidii".

Nyuma ya barua kuna mitihani ya akili. Mumoja unaitwa Watson-Glaser: unasoma maneno machache, unasema ni jambo gani linatoka kweli katika maneno yale, na ni gani umeliongeza wewe mwenyewe. Kiisha wanakuita, wanakuuliza kama unafahamu biashara.

Hapa sisi watu wa Kongo tusijione wadogo. Mwezi wa 2 mwaka 2025 Serikali yetu ilisimamisha kuuza kobalti inje, kwa sababu bei ilikuwa imeanguka sana. Tangu mwezi wa 10 mwaka ule, ikaruhusu tena kwa kipimo tu. Wewe fikiri: kompanyi iliahidi kuleta kobalti, sasa imekatazwa. Hasara ni ya nani, ya muuzaji ao ya munuzi? Katika sheria ya Kiingereza, muuzaji hawezi kujitetea kwa neno la "force majeure" kama halikuandikwa katika mapatano. Ndiyo kazi ya waavoka wale: kuandika neno lile mbele ya hatari kuja. Mutoto wa Kolwezi anaweza kueleza jambo hili kushinda wengi wa London.

Hatusemi ni rahisi. Mugeni anahitaji ruhusa ya Serikali ya kule kusudi atumike, na inapashwa kuuliza biro mapema kama inasaidia kwa jambo hilo. Lakini hata kwetu avoka kijana anafanya staji ya miaka 2, na mukubwa wake atamupima kwa mambo yaleyale: kuandika wazi, kusoma vizuri, kuchunga feza ya watu.

Basi, tangu juma hili, kila mutu atwae daftari moja, aandike kazi aliyopewa na namna alivyoimaliza. Mwenye ulizo alete kwa waandishi wa gazeti hili.