Nafasi ya Malipo katika Kuupa Mkataba Nguvu ya Kisheria: Mfano wa Tanzania Bara

Si kila ahadi humpa aliyeahidiwa haki ya kwenda mahakamani. Kifungu cha 10 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinataka makubaliano yafanywe kwa ridhaa huru, baina ya watu wenye sifa za kuingia mkataba, kwa malipo halali na kwa lengo halali. Makala hii inafafanua sharti la malipo pamoja na mipaka yake.

Neno “malipo” hapa halimaanishi fedha peke yake. Kwa mujibu wa kifungu cha 2, ni jambo lililotendwa, linalotendwa au lililoahidiwa kutendwa kwa matakwa ya mtoa ahadi. Kujizuia kutenda nako ni malipo. Mtendaji aweza kuwa mpokea ahadi au mtu mwingine yeyote. Hapa sheria hii, iliyofuata mfano wa sheria ya India ya mwaka 1872, inatofautiana na kanuni ya Uingereza iliyothibitishwa mwaka 1861 katika shauri la Tweddle dhidi ya Atkinson, kwamba malipo sharti yatoke kwa mpokea ahadi mwenyewe.

Tuseme mjomba anamwahidi mpwa wake ng’ombe wawili kwa mdomo. Ikiwa mpwa hakutakiwa kutenda lolote, ahadi hiyo ni batili chini ya kifungu cha 25. Akiombwa alinde zizi msimu mmoja, naye akakubali, malipo yapo. Hata pasipo kazi hiyo, ahadi yaweza kusimama iwapo imeandikwa, imesajiliwa na imetokana na upendo wa asili baina ya ndugu wa karibu. Aidha, ng’ombe wakishakabidhiwa, kifungu hicho hakitengui zawadi.

Kuhusu kiasi, uchache wa malipo pekee haubatilishi mkataba uliofanywa kwa ridhaa huru. Hata hivyo, mahakama yaweza kuuzingatia inapochunguza iwapo ridhaa hiyo ilikuwa huru kweli. Kwa hiyo, aliyeuza mashine ya kusaga kwa bei ya kutupa hataokolewa na udogo wa bei peke yake. Hoja yake ijengwe juu ya shuruti, ushawishi usiofaa au udanganyifu, na bei iwe sehemu ya ushahidi. Anayeichanganya misingi hii miwili hujiweka katika hatari ya kushindwa shauri ambalo huenda lilikuwa na haki ndani yake.