Sauti ya Bibi ndani ya Kutu

Sogeeni wanangu, ila angalieni msikikanyage hicho kiboksi. Hiyo ni kaseti, na ndani yake yumo bibi yangu.

Kampuni ya Philips ya Uholanzi iliitoa kaseti ya namna hii mwaka 1963. Ilipofika kwetu Unguja, wenye jamaa Maskati waliiona ni barua isiyohitaji kalamu. Bibi hakujua kuandika. Alikaa mbele ya redio kaseti, akabonyezewa vitufe viwili kwa pamoja, akakohoa, akaanza kumsalimia ami yangu aliyekuwa huko Maskati, salamu za nyumba nzima mpaka za majirani. Kaseti ikaviringishwa kwenye khanga, ikapewa msafiri.

Tazameni utepe wenyewe. Upana wake haufiki milimita 4, lakini kaseti ya dakika 60 ina kama mita 90 za utepe. Ukiunyoosha unakaribia urefu wa uwanja wa mpira. Ile rangi ya kahawia ni unga wa chuma, ndugu yake kutu. Sauti ikiingia kwenye maikrofoni hugeuka umeme, umeme unaamsha sumaku kwenye kichwa cha redio, na sumaku inazipanga chembe za ule unga. Ndiyo maana kaseti haiwekwi juu ya spika, kwani spika nayo ina sumaku. Na unyevu wetu huu wa pwani huiotesha ukungu.

Mgongoni mna vijino viwili, kimoja kwa kila upande. Ukikivunja, kitufe cha kurekodi kinagoma. Ami alivivunja vyote viwili, na aliporudi nyumbani akaja na kaseti hiyo. Mimi, miaka 11 na akili zangu zote, nikaziba tundu moja kwa karatasi nikarekodi mpira wa redioni. Nilipigwa, na nilistahili.

Juzi tumeihamishia kwenye kompyuta. Kwanza tulisafisha kichwa cha redio kwa pamba na spiriti, tukaukaza utepe uliolegea kwa penseli, kisha waya ukatoka tundu la hedifoni hadi kwenye kompyuta. Hapo hakuna haraka: dakika 60 huchukua dakika 60. Sauti tumeihifadhi kama faili la WAV, maana faili la MP3 hutupa sehemu ya sauti ili liwe dogo, na nakala nyingine zimekwenda kwa shangazi na kwa binamu yangu. Kaseti yenyewe hatuitupi.

Upande wa kwanza, bibi peke yake. Upande wa pili, mtangazaji anapiga kelele, nami nimeinamisha kichwa kwa aibu. Dakika ya 28 akakatika, tak! Nadhani niliitwa kula. Kisha kuku akalia, na bibi akasikika akimfukuza jikoni, anacheka: "Huyu huyu ndiye nitakayekuchinjia ukija."