Aikaeli ni Mvulana au Msichana?

Desemba, Wachagga wanaporudi nyumbani Kilimanjaro kwa Sikukuu, makanisa ya Kilutheri ya Machame na Marangu hujaa hadi watu wakasimama nje. Watoto waliozaliwa Dar es Salaam, Mwanza au Nairobi huletwa kubatizwa mbele ya babu na bibi. Mchungaji anachota maji, anataja jina: Aikaeli. Aliyesimama mlangoni, asiyemwona mtoto, hajajua bado kama ukoo umepata mvulana au msichana. Itambidi aulize, na swali lake halitamshangaza mtu.

Jina hilo limejengwa kwa maneno mawili. Aika ni asante kwa Kichagga. Ukihamia upande mwingine wa mlima utasikia haika. Eli ni "Mungu wangu" kwa Kiebrania, neno ambalo Wakristo wengi wanalikumbuka kutoka kilio cha Yesu msalabani katika Injili ya Mathayo. Yaunganishe, upate "Asante Mungu". Anayesema asante hapo ni mzazi. Mtoto amepewa kuyabeba maneno yaliyomtoka mama au baba siku alipozaliwa, na maneno ya shukrani ni yale yale akizaliwa wa kike au wa kiume.

Lugha yenyewe inaruhusu hilo. Kama Kiswahili kinavyosema "amekuja" bila kueleza ni nani aliyekuja, mwanamume au mwanamke, Kichagga nacho hakitenganishi. Kinapotaka kutenganisha kinajua pa kufanyia: kwenye heshima. Mwanamume huambiwa "haika mbe", mwanamke "haika mae". Jinsia imewekwa katika namna ya kumwita mtu na kumsalimu, haikuingizwa ndani ya jina.

Ndugu za Aikaeli ni wengi. Yuko Elifuraha, yuko Elirehema, yuko Kaanaeli, ambaye jina lake mtu yeyote anayejua Kiswahili anaweza kulifungua: kaa na Eli. Yuko Elikunda na pacha wake wa maana, Kundaeli, kutokana na kunda, yaani kupenda: kwa mmoja Mungu ndiye anayependa, kwa mwingine Mungu ndiye anayependwa. Majina ya namna hii yameenea pia kwa majirani, Wameru na Wapare.

Eli alikuja na Biblia. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig, Ujerumani, waliweka kituo Machame mwaka 1893, na mmoja wao, Bruno Gutmann, aliyefika mlimani mwaka 1902, aliandika vitabu vingi juu ya sheria na desturi za Wachagga. Lakini shukrani haikusubiri meli ya wageni. Mungu alikuwa na jina lake, Ruwa, ambalo ni jina la jua pia. Machame humwita Iruwa. Ndiyo maana hadi leo kuna Aikaruwa, aliye sawa kabisa na Aikaeli kwa maana, na ndiyo maana Askofu Mkuu wa Dar es Salaam, Yuda Thadei Ruwa'ichi, mzaliwa wa Kilema, amelichukua jina la Mungu wa mlima hadi kwenye kiti cha uaskofu. Mchanganyiko ulizaa majina ya kupendeza. Nsilo Swai wa Machame, mmoja wa mawaziri wa mwanzo wa Tanganyika huru, jina lake la kwanza lilikuwa Asanterabi: asante ya Kiswahili, na Rabi.

Kwa Wakatoliki wa Kilema na Kibosho shukrani hiyo hiyo ilivaa Kilatini ikawa Deogratias. Ila huyo, tangu zamani, ni mwanamume.

Kuna upande wa pili wa desturi, na usipotajwa picha itakuwa ya uongo. Mtoto wa Kichagga hakuzaliwa bila mpango wa majina. Mvulana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama; msichana wa kwanza hupewa la bibi mzaa baba, wa pili la bibi mzaa mama. Jina la ukoo hurudisha mtu aliyetangulia, na hapo jinsia inafuatwa bila kuteleza. Wengi hubeba yote mawili, moja la kuwarudisha wazee na moja la ubatizo. Ukitaka kuona uzito wa jinsia katika boma la zamani, tazama kihamba. Shamba lile la migomba na kahawa, lenye makaburi ya wazee, lilirithiwa na wana wa kiume. Binti aliolewa akaenda kulima kihamba cha watu wengine. Petro Itosi Marealle, mangi, yaani chifu, aliyeandika Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera, aliyaeleza maisha hayo hatua kwa hatua, kutoka kuzaliwa hadi kuwafuata wazee. Katika nyumba ambamo kaka alipewa ardhi na dada akapewa baraka za safari, jina la shukrani lilikuwa mali waliyoipata kwa kipimo kimoja. Hilo ni jambo kubwa, na linastahili kusemwa kwa sauti.

Jina hilo la shukrani lilipatikana wapi? Mara nyingi chumbani kwa mzazi. Mchagga aliyejifungua hutunzwa ndani kwa muda mrefu, desturi ikitaka miezi mitatu, akilishwa mtori wa ndizi na nyama huku mama mkwe na wanawake wa ukoo wakiingia na kutoka. Mimba iliyosumbua, ugonjwa uliopona, mtoto aliyengojewa miaka: yote yanazungumzwa pale, na kutoka katika mazungumzo hayo jina hupatikana. Tangu hapo wazazi wenyewe hupoteza majina yao mtaani. Wanakuwa Mama Kundaeli na Baba Kundaeli.

Shuleni mambo hugeuka. Mwalimu mgeni mwenye orodha ya wanafunzi wa bweni anaweza kumpanga Elirehema upande wa wasichana, akatokea kijana mrefu mwenye sanduku. Majina ya Kiswahili nayo yana tabia hiyo. Profesa Tumaini Nagu, aliyewahi kuwa Mganga Mkuu wa Serikali, ni mwanamke; Mhandisi Tumaini Magessa, aliyechaguliwa mbunge wa Busanda mwaka 2020, ni mwanamume. Bahati Bukuku ni mwimbaji wa kike wa injili nchini Tanzania, na Bahati anayejulikana kwa muziki nchini Kenya ni wa kiume. Katika kuwaandikia barua watu wenye majina kama hayo, cheo cha "Ndugu" kilichozoeleka enzi za Ujamaa kilikuwa salama kuliko Bwana au Bibi.

Tafsiri ndiyo inayovunja usawa huo. Furaha anaweza kuwa yeyote, lakini mgeuze awe Happiness na tayari umemwona msichana. Tumaini ni wa wote, Hope ni binti. Goodluck ni mvulana, na Godlisten, jina ambalo Mtanzania akilisikia huuliza papo hapo kama mwenyewe ametoka Kilimanjaro, naye ni mvulana. Maana haikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni lugha, na Kiingereza kimekuja na mazoea yake juu ya nani aitwe nini. Wazazi wanaodhani wamebadilisha matamshi tu wamepunguza upana wa jina.

Mlima hauko peke yake. Burundi, Ndayishimiye ni "ninamshukuru", anayeshukuriwa akiwa Mungu. Ndilo jina la Rais Évariste Ndayishimiye, na hubebwa na wanaume na wanawake. Ujerumani, nchi walikotoka wamisionari wa Machame, wasajili kwa muda mrefu walidai jina la kwanza lionyeshe jinsia ya mtoto, mpaka Mahakama ya Katiba ilipoamua, Desemba 2008, kwamba wazazi wa msichana aliyeitwa Kiran wasizuiwe, kwa sababu jina hilo halimdhuru mtoto. Bibi wa Machame asingeielewa kesi hiyo ilihusu nini.

Fomu ya kusajili kizazi nchini Tanzania ina sehemu yake ya jinsi, kando ya jina. Karani atapata anachohitaji bila jina kumsaidia. Kwa hiyo mzazi anayetarajia mtoto, na anayepanda mlima Desemba hii, aende kwanza jikoni kwa bibi, akae naye, amwombe amtajie majina ya ukoo na ya shukrani anayoyakumbuka, pamoja na habari ya kila moja, ayaandike. Mabibi wanaoweza kuyaeleza kwa Kichagga safi wanazidi kupungua.