Uziwi wa Ghafula kwa Mwenye Mimba

Katika mambo ambayo mwanamke mwenye mimba huambiwa ayavumilie mpaka ajifungue, limo moja lisilostahili kuvumiliwa hata siku mbili, nalo ni kupotewa na usikivu wa sikio kwa ghafula. Aghalabu huamka asubuhi akahisi sikio moja limeziba na lavuma, pengine na kisunzi juu yake. Na kwa kuwa mimba yenyewe huweza kuleta kisunzi na uzito wa masikio, jamaa zake humtuliza kwa nia njema, ilhali wakati wa tiba wapita.

Matabibu huyahesabu maradhi haya kuwa ni uziwi wa ghafula pale usikivu upunguapo kwa desibeli 30 au zaidi, katika masafa matatu ya sauti yafuatanayo, ndani ya saa 72. Ni nadra kwa wajawazito, na asili yake mara nyingi haibainiki. Lakini hudhaniwa kwamba damu, ambayo wakati wa mimba huwa na wepesi wa kuganda, huenda ikauziba mshipa mwembamba ulishao sikio la ndani, mshipa usio na mwenziwe wa kuunusuru.

La kwanza ni kupambanua. Tabibu hutazama kama sikio lina nta, kisha hugonga uma wa chuma utoao mlio na kuusimamisha katikati ya paji la uso: mlio ukivutwa na sikio lenye taabu, dhana ni kizuizi katika njia ya sauti, ukivutwa na sikio zima, dhana ni sikio la ndani au neva yake, wala hapana tena wasaa wa kungoja.

Tiba iliyo mashuhuri ni steroidi, na manufaa yake hutarajiwa zaidi ikianzwa ndani ya wiki mbili za mwanzo. Kwa mjamzito, wengi hupendelea kuipitisha kwa sindano katika kiwambo cha sikio, ili kiasi kidogo tu kiingie damuni. Na akipewa vidonge vya prednisoloni, kondo la nyuma huidhoofisha sehemu kubwa ya dawa kabla haijamfikia mtoto, ila sukari na shinikizo la damu havina budi kuangaliwa.

Wapo waponao bila dawa, lakini hapana ajuaye mapema ni nani. Basi asitiwe mafuta ya moto sikioni, wala asiambiwe angoje kujifungua: apelekwe siku ile ile kwa tabibu wa masikio, na mkunga wake ajulishwe.