Mzingile: Mchoro Mmoja, Maana Nyingi

Mnamo mwaka 1200 hivi kabla ya Kristo, karani wa jumba la kifalme la Pylos, kusini mwa Ugiriki, aliandika orodha ya watu na mbuzi kwenye kibao cha udongo. Upande wa pili akachora mzingile. Moto ulioteketeza jumba lile ndio uliokioka kibao kikawa kigumu, kikatufikia. Huo ni miongoni mwa mizingile mikongwe zaidi ambayo umri wake unajulikana, nao hauna dalili ya ibada wala ya Minotaur, zimwi la hadithi za Kigiriki lililokaa ndani ya mzingile. Unaelekea kuwa mchezo wa mkono wa mtu aliyechoshwa na hesabu za mbuzi. Wapo wanaodai kwamba kuonekana kwa alama hii Krete, India, Ufaransa hadi Arizona ni ushahidi kuwa binadamu wote walikuwa na wazo moja. Mimi naona kilichosafiri ni mchoro tu. Maana, kila jamii ilijitilia yake.

Tazama unavyochorwa. Unapiga msalaba, katika kila pembe yake unaweka kona ndogo na nukta, kisha unaunganisha ncha zote, mbilimbili, kwa mistari ya mviringo. Inatokea njia moja yenye mizunguko 7, isiyo na njia panda, kwa hiyo humo hapotei mtu. (Bustani za kupoteza watu, kama ile ya Hampton Court huko Uingereza, ni mambo ya juzi.) Mtoto hufundishwa akaelewa papo hapo, na jambo jepesi kufundishwa husambaa upesi. Maana hazikusambaa hivyo. Watu wa Knossos, huko Krete, waliugonga kwenye sarafu zao kama nembo ya mji. Wahindi waliuhusisha na chakravyuha, mpango wa vita katika Mahabharata, ambamo kijana Abhimanyu alijua kuingia lakini hakujua kutoka, akauawa. Huko Chartres, Ufaransa, mapema karne ya 13, Wakristo walitandika sakafuni mwa kanisa mzingile wa mizunguko 11, wenye njia ya mita 260 hivi. Mtego wa mauti huku, sakafu ya kanisa kule: hilo si wazo moja.

Je, Watohono O'odham wa Arizona, wanaousuka kwenye vikapu kama safari ya maisha, waliupata wapi? Kama uliletwa na wageni, basi mchoro ulisafiri. Kama waliubuni wenyewe, wepesi wake umethibitika tena. Hoja nzito zaidi dhidi yangu ni hii: mchoro mtupu ungedumuje miaka 3,000? Jibu limo njiani mwake. Ukihesabu kutoka nje, unaingilia mzunguko wa 3, unarudi wa 2 na wa 1, unaruka hadi wa 4, kisha wa 7, ambako ukuta mmoja tu unakutenga na kitovu. Hapo unarudishwa nyuma hadi wa 6 na wa 5, ndipo unafika. Kukaribia kisha kurudishwa ni hali inayopokea maana yoyote mtu atakayoipa. Mwenye shaka achukue kalamu, auchore, kisha aufuate kwa kidole.