Mfungo wa dopamini haukuvushi UE

"Dokta, shikamoo. Zimebaki wiki mbili tuingie kwenye UE. Nifunge dopamini siku ngapi ili akili irudi?"

Swali hili linanifikia kila muhula, mitihani ya chuo (UE) inapokaribia, na maneno yake hayabadiliki sana. Linakuja kwa ujumbe, linakuja mlangoni mwa ofisi, na siku hizi linakuja pia kwa mzazi anayepiga kutoka mkoani kuuliza kama mwanawe, aliyefuta WhatsApp na kuacha kupokea simu, yuko kwenye tiba au ameanza kuugua. Nimekuwa nikimjibu mmoja mmoja. Leo nawajibu wote pamoja: usifunge hata siku moja.

Wanaouliza si wavivu. Ni vijana waliojiona wakikaa na desa saa tatu nzima bila kukumbuka ukurasa wa kwanza ulisema nini. Wakaogopa, wakatafuta msaada, na hapo walifanya jambo la maana. Walichopewa ni maelezo ya uongo kuhusu ubongo wao, pamoja na tiba inayokula wiki ambazo hawana. Hilo ndilo linaloniudhi.

Mahubiri yenyewe yanakwenda hivi. TikTok na Instagram zimekujaza dopamini mpaka imefurika, kwa hiyo kitabu hakina ladha tena. Futa programu zote, acha muziki, acha soda, acha hata kuongea na wenzako, dopamini ishuke. Baada ya wiki moja, au siku 21, au 40, kutegemea anayehubiri, ubongo utakuwa umesafishika na utapiga msuli bila shida.

Tuanze na kemikali yenyewe. Dopamini si taka inayorundikana kichwani ikingoja kumwagwa. Ubongo unaitengeneza wenyewe usiku na mchana, na usipokuwa nayo hata kuinuka kitandani ni kazi. Mwaka 1957, huko Lund nchini Sweden, Arvid Carlsson na wenzake waliwapa sungura dawa iitwayo reserpini, ambayo huondoa akiba ya dopamini kwenye ubongo. Sungura wale walilala wakiwa wamelegea, hawasogei. Walipochomwa sindano ya L-dopa, malighafi ambayo ubongo hutengenezea dopamini, muda si mrefu waliamka na kuanza kutembea. Kazi hiyo ilimpatia Carlsson Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2000, na kutokana nayo L-dopa hiyo hiyo, kwa jina la levodopa, ikawa dawa wanayomeza wagonjwa wa Parkinson mpaka leo. Kama una babu au bibi mwenye ugonjwa huo, umeuona upungufu wa dopamini kwa macho yako: mkono unatetemeka, hatua zinafupika, kufunga kifungo cha shati kunachukua dakika nzima. Ubongo uliopungukiwa dopamini uko hivyo, na hakuna hata mmoja kati yenu anayepaswa kuutamani kuelekea mtihani.

Sasa kazi yake. Katika miaka ya 1980 na 1990, Wolfram Schultz alirekodi seli za dopamini ndani ya ubongo wa kima huku akiwapa matone ya juisi. Kima akipata tone asilolitarajia, seli zilichangamka. Akishajifunza kwamba taa ikiwaka juisi inafuata, seli zilichangamka taa ilipowaka, na juisi yenyewe ilipofika zilibaki tulivu. Taa ikiwaka na juisi isije, zilinywea chini ya kiwango chake cha kawaida. Soma tena mpangilio huo polepole. Seli hizi zinapima tofauti kati ya ulichokitarajia na ulichokipata, na tofauti hiyo ndiyo inayoufundisha ubongo nini cha kufuatilia kesho. Ni mfumo wa kujifunza. Unafanya kazi unapofungua ujumbe kutoka kwa mtu unayempenda, na unafanya kazi swali la takwimu lililokushinda tangu asubuhi linapokubali ghafla. Anayekwambia uuzime ili usome anakwambia uzime chombo unachosomea.

Mlio wa simu ni taa ya Schultz. Ukishajifunza kwamba baada yake mara nyingine kuna kitu kizuri, mkono unakwenda kwenye simu kabla hujaamua. Mazoea haya hayafutiki kwa sababu umekaa nayo mbali wiki mbili. Wanaotafiti mazoea wanalijua hili tangu enzi za Pavlov: jibu lililozimwa linarudi, hasa mtu akirudi mahali pale pale. Unamaliza mfungo, unapakua programu zile zile, unalala kwenye kitanda kile kile cha hosteli, taa inawaka. Kisha unajilaumu kwamba huna nidhamu.

Hata huyo aliyelipatia jina la mfungo wa dopamini umaarufu mwaka 2019, mwanasaikolojia Cameron Sepah wa California, hakufundisha haya. Alipendekeza mbinu za kawaida za tiba ya tabia, kama kutenga saa fulani za kukaa mbali na tabia moja inayokusumbua, na alieleza waziwazi kwamba jina lisichukuliwe neno kwa neno. Jina likasafiri, maelezo yakabaki.

Mtu ataniuliza kama kupumzika na mitandao hakuna faida kabisa. Kuna faida, ila ni ndogo na si ya mtihani. Mwaka 2018 watafiti wa Stanford na New York University waliwalipa Wamarekani wazime akaunti zao za Facebook kwa wiki nne. Walipata karibu saa moja ya ziada kwa siku, wakaripoti kujisikia vizuri kidogo, na baadaye wengi walipunguza matumizi yao. Lakini saa ile ilikwenda wapi? Sehemu kubwa ilikwenda kwenye televisheni na kwa ndugu na marafiki. Ni mahali pema, lakini saa iliyoachwa huru haitembei yenyewe mpaka kwenye vimbweta ikafungua daftari.

Kuna hasara nyingine ambayo wahubiri wa mfungo hawaitaji. Katika vyuo vyetu, grupu la WhatsApp ndiyo nusu ya darasa. Siku tatu kabla ya mtihani CR, mwakilishi wa darasa, anatangaza kwamba ukumbi umehamishwa. Mwenzako anatuma picha ya swali la mwaka juzi na majibu mawili yanayopingana, ubishi unaanza saa tatu usiku, na katika ubishi ule watu kumi wanaelewa kitu ambacho muhula mzima hawakukielewa. Aliyefunga hayumo. Anakaa chumbani peke yake, hana muziki, hana wenzake, anangoja akili irudi.

Madhara ya kweli ya simu na mitandao yako saa nne asubuhi, wiki ya nne ya muhula, ndani ya ukumbi wa mhadhara. Mwaka 2013 watafiti watatu wa Kanada, Faria Sana, Tina Weston na Nicholas Cepeda, walitoa somo moja kwa wanafunzi wote. Baadhi yao walipewa pia kazi ndogondogo za kufanya mtandaoni kwenye kompyuta zao mhadhara ukiendelea. Walipopimwa mwishoni, alama zao zilikuwa chini kwa asilimia 11 kuliko za wenzao. Jaribio la pili ndilo ninalotaka kila mmoja alifikirie: wanafunzi walioandika kwa kalamu na karatasi, wasio na kifaa chochote, lakini walioketi mahali wanapoona kompyuta za wenzao, walishuka kwa asilimia 17. Hawakuwa wamegusa kitu. Kijana wa safu ya tatu akifungua Instagram, wa safu ya nne na ya tano wanaangalia naye, na mmoja wao ndiye atakayekamata sapu, mtihani wa marudio, bila kujua aliibiwa wapi.

Na usiniambie kizazi chako kimezaliwa na simu, kinaweza kusikiliza na kuchati kwa pamoja. Ubongo wako unarukaruka kati ya kazi mbili, na kila mruko unaacha sentensi moja ya mwalimu sakafuni. Sentensi hiyo haikuingia, kwa hiyo haipo. Ghala lisilotiwa mahindi halijai kwa kufagiliwa.

Sehemu ya pili ya madhara ni ya siri zaidi, kwa sababu inafanana na kusoma. Unatazama video ya dakika mbili kuhusu masharti ya mkataba halali, msemaji ni hodari, kila kitu kinaeleweka, unapeleka kidole juu kwenye video inayofuata ukiwa na uhakika kwamba umesoma. Umemwelewa msemaji tu. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilipima jambo hili mwaka 2006 kwa maandishi ya kawaida. Kundi moja lilisoma kifungu mara nne. Jingine lilikisoma mara moja, kisha likakifunika na kuandika linachokumbuka, mara tatu. Baada ya wiki moja, waliosoma mara nne walikumbuka asilimia 40, waliojikumbusha asilimia 61. Na waliosoma mara nne ndio waliokuwa na imani zaidi kwamba watakumbuka. Imani hiyo hiyo unaipata kwa kuperuzi video za masomo, tena kwa raha zaidi.

Lakini mtandao wenyewe si hukumu. Reynol Junco na wenzake, mwaka 2011, waliwagawa wanafunzi 125 wa mwaka wa kwanza nchini Marekani. Kundi moja lilitumia Twitter kwa ajili ya darasa muhula mzima: kujadili kitabu, kuuliza, kukumbushana kazi, na walimu wakiwemo humo wakijibu. Kundi hilo lilishiriki zaidi katika maisha ya chuo na kupata alama za juu kuliko lile jingine. Utafiti mwingine wa Junco wa mwaka uliofuata uliona kwamba muda mwingi kwenye Facebook ulikwenda pamoja na alama za chini, ila kilichofanywa humo kilibadilisha picha. Kwa hiyo usiniulize kama mitandao ni mizuri au mibaya. Niambie ulikuwa unafanya nini humo, saa ngapi, na nani alikuwa anakujibu.

Sasa ya kufanya, kwa haraka. Zima arifa zote isipokuwa simu za kawaida na grupu la CR; hilo peke yake linaondoa taa. Kwenye mhadhara kaa safu za mbele, simu iwe ndani ya begi, siyo mezani ikiwa imegeuzwa kifudifudi. Andika kwa mkono kama unaweza. Unaposoma, iache simu kwa rafiki au chumba kingine kwa dakika 40, kisha iangalie bila kujilaumu, kisha rudi. Ukimaliza ukurasa, funga desa, chukua karatasi tupu, andika ulichobaki nacho. Rudia kesho na baada ya siku tatu. Video ya somo itazame, lakini ukiimaliza jielezee kwa sauti bila kuirudia. Usiku simu ilale mbali na mto. Kama unaperuzi hadi alfajiri kwa sababu moyo umekuwa mzito na usingizi haupo, hilo halihusu simu peke yake: nenda kwa mshauri wa wanafunzi wiki hii, usingoje matokeo.

Wahadhiri wenzangu, ingieni kwenye magrupu ya madarasa yenu. Jibuni maswali mawili kwa wiki, mkiweza jioni, wakati wanaposoma. Na wewe CR, baada ya kila kipindi weka swali moja la kile kilichofundishwa na uwaombe wenzako wajibu bila kufungua slaidi. Atakayekosea asichekwe, mjibuni palepale kwenye grupu, ili na wengine waliokosea kimyakimya wasome.