Majina Yalichujwa Machi

Kila mwaka, kura za Chama cha Kemia cha Marekani zikifunguliwa, napokea ujumbe uleule kutoka kwa wakemia wenzetu waliosoma Dar es Salaam, Nairobi au Makerere na sasa wanafanya kazi kwenye maabara za Ohio, Texas na Massachusetts: mbona wagombea wa nafasi ya rais mteule ni wawili tu, na nani aliwaleta? Nimeshajibu kwa simu na kwa barua pepe, nimejibu kwenye korido za mikutano. Sasa naandika. Waliletwa na mjumbe wa tawi lako. Alipiga kura ya mchujo kwenye Baraza la chama miezi kadhaa kabla hujaona karatasi yoyote. Tawi lako lilikuwa na kiti mle ndani, na aliyekikalia alikuwa anasubiri mtu amwambie neno. Kama hukumwandikia, kufikia Oktoba, mwezi wa kura, umechelewa kuuliza.

Swali lenyewe ningelivumilia. Nisichokivumilia ni imani inayolizaa: kwamba chama kinaendeshwa na Bodi pamoja na maofisa wa makao makuu Washington, na kwamba Baraza lenye wajumbe wapatao 500 hukusanyika mara mbili kwa mwaka kunyoosha mikono, kurudishiwa nauli na kuona mji. Imani hiyo ina dawa yake, na wauzaji hawakosekani: Baraza lifutwe, kila mwanachama apige kura kwa simu juu ya kila jambo. Nimeisikia kwa maprofesa na nimeisikia kwa wanafunzi. Ni dawa ya mtu ambaye hajasoma katiba ya chama anachokilipia ada.

Tuihesabu Bodi. Ina viti 15 vyenye kura. Vitatu ni vya rais, rais mteule na rais aliyemaliza muda wake. Sita ni vya wakurugenzi wa kanda, kwa sababu nchi imegawanywa kanda sita. Sita vilivyobaki ni vya wakurugenzi wasiofungwa na kanda yoyote. Mtendaji mkuu naye huketi pale, lakini hana kura.

Hao sita wasio na kanda huchaguliwa na wajumbe wa Baraza peke yao. Mwanachama wa kawaida haletewi karatasi ya nafasi hiyo hata siku moja. Kwa wakurugenzi wa kanda, kamati ya uteuzi na uchaguzi hupeleka majina manne kwa wajumbe wa Baraza wanaotoka kanda husika, nao huyapunguza hadi mawili. Ndipo wanachama wa kanda hiyo huchagua mmoja. Kwa rais mteule ni hivyohivyo, isipokuwa mchujo hufanywa na Baraza zima, kwenye mkutano wake wa kwanza wa mwaka. Na atakayeshinda hukaa kwenye Bodi miaka mitatu: wa kwanza akiwa mteule, wa pili akiwa rais, wa tatu akiwa mstaafu. Ipo njia ya mgombea kuingia kwa kukusanya saini za wanachama. Ukimweka pembeni huyo, hakuna kiti chenye kura kwenye Bodi ambacho hakikupita kwanza mikononi mwa wajumbe wa Baraza.

Na wajumbe hao ni akina nani? Katika kila watano waliochaguliwa, wanne wanatoka kwenye matawi ya mahali, ambayo yako zaidi ya 180. Wa tano anatoka kwenye vitengo vya taaluma: kemia hai, kemia ya uchanganuzi, polima na vinginevyo. Tawi lolote, hata liwe dogo namna gani, lina mjumbe angalau mmoja. Kubwa lina wengi kwa kadiri ya wanachama wake. Kwa hiyo anayesema Bodi ndiyo kila kitu anazungumzia watu waliochujwa na wale anaowaita mapambo.

Nikubali palipo na ukweli. Fedha ziko chini ya Bodi, na ni fedha nyingi, kwa kuwa sehemu kubwa ya mapato ya chama hutoka kwenye majarida na kwenye ile huduma ya muhtasari wa kemia iliyoanza mwaka 1907 na yenye makao Columbus, Ohio. Ada zetu ni sehemu ndogo. Hata hivyo, kanuni za chama hubadilishwa na Baraza kwa theluthi mbili ya kura, kisha Bodi huthibitisha. Katiba nayo huanzia hapohapo kabla ya kufikishwa kwa wanachama wote. Ada ya mwaka unaofuata imekuwa ikipigiwa kura na Baraza kwa miaka mingi. Nani aitwe mwanachama, tawi lina wajibu gani, kura zipigwe vipi: yote hayo ni kazi ya Baraza.

Wanaotaka Baraza lifutwe wangefaa kujua kwamba chama hiki kilishajaribu kuishi bila sauti ya matawi, na kilikaribia kufa. Kilianzishwa New York tarehe 6 Aprili 1876 na wakemia 35, rais wa kwanza akiwa John William Draper. Kiliitwa cha taifa, lakini mikutano ilikuwa New York na madaraka yalikuwa New York. Mkemia wa Baltimore au wa Washington alilipa ada akasikia habari za vikao baadaye. Matokeo yakaonekana upesi. Mwaka 1879 Ira Remsen alianzisha jarida lake Johns Hopkins, nalo likawa mshindani wa la chama. Mwaka 1884 wakemia wa Washington waliunda chama chao, na baadaye Frank Wigglesworth Clarke, akiungwa mkono na Harvey Wiley, akaongoza harakati za kutaka chama kipya cha taifa kitakachokuwa cha taifa kweli. Wanachama wa New York walizidi kupungua.

Kilichokiokoa ni kugawana madaraka. Mwaka 1890 mkutano mkuu ulifanyika Newport, Rhode Island, mbali na New York. Katiba ikarekebishwa ili kuruhusu matawi, na mwaka 1891 tawi la Rhode Island likawa la kwanza. Mwaka 1893 kile chama cha Washington kikaingia kama tawi, na hadi leo kinatumia jina lake la zamani. Clarke na Wiley, waliokuwa tayari kukizika chama, wote wawili walikuja kuwa marais wake. Tangu hapo kikakua hadi kufikia zaidi ya wanachama 150,000. Mimi sioni namna ya kuisoma historia hiyo na bado kusema mjumbe wa tawi ni pambo.

Sasa hiyo kura ya simu. Badiliko la kanuni halipiti kwa siku moja. Likishawasilishwa kwa saini, husomwa na kujadiliwa kwenye mkutano mmoja wa Baraza, kisha hurudi kupigiwa kura kwenye mkutano unaofuata, isipokuwa limeombewa hatua ya dharura. Katikati hapo kamati hulichambua, gharama zake hukokotolewa, maneno hubadilishwa, na mara nyingine walioleta hoja huiondoa wenyewe baada ya kuona kasoro. Makabrasha ya mkutano mmoja yanataka jioni kadhaa za kusoma kwa makini. Niambieni ni wanachama wangapi watakaosoma kurasa hizo kabla ya kubonyeza ndiyo au hapana. Wengi hawatasoma, na sitawalaumu, wana maabara za kuendesha. Lakini mabadiliko yatapitishwa na wenye muda, wenye kampeni na wenye miji mikubwa, na mkemia wa Wyoming atarudi pale alipokuwa yule wa Washington mwaka 1884. Zaidi ya hayo, kura ya wanachama wenyewe tayari ipo kwa mambo mazito: katiba, rais mteule, mkurugenzi wa kanda. Dawa inayouzwa tunayo kabatini, wagonjwa hawainywi.

Wapo wajumbe wazembe, hilo nalisema bila kumung'unya. Wapo wanaohudhuria bila kusoma, wakarudi bila kutoa taarifa tawini, na kipindi kikiisha wakachaguliwa tena kwa sababu hakuna aliyejitokeza kushindana nao. Linanikera kuliko hata lile swali la Oktoba. Lakini mjumbe huchaguliwa na tawi lenyewe kwa kipindi cha miaka mitatu, pamoja na mjumbe mbadala wa kushika nafasi akiwa hayupo. Mzembe huondolewa kwa kura za tawi lake, na wapiga kura wa tawi ni ninyi mnaolalamika.

Mjumbe anayefanya kazi yake, mwaka wake unakwenda hivi. Kipindi huanza tarehe 1 Januari. Kufikia katikati ya Februari tawi linatakiwa kuwa limewasilisha taarifa yake ya mwaka, pamoja na hesabu za fedha, na mjumbe mzuri hukaa na kamati ya utendaji kuhakikisha imekwenda. Majira ya Machi unafika mkutano wa kwanza: kabla ya kikao cha Baraza, ambacho kwa kawaida ni Jumatano asubuhi, wajumbe wa kanda moja hukutana kupima hoja na kuwasikiliza wagombea, na wengi wao huwa pia kwenye kamati, za uanachama, za shughuli za matawi, za masuala ya kiuchumi ya wakemia. Halafu mchujo. Kiangazi ni cha kusoma na kutoa maoni. Agosti hivi ni mkutano wa pili, ambako hoja zilizojadiliwa Machi huamuliwa na wajumbe wa kamati kuu za Baraza huchaguliwa. Kazi hii haina mshahara; mjumbe hurudishiwa sehemu ya gharama za safari, basi.

Mtafanya nini? Fungueni ukurasa wa tawi lenu leo, mtafute majina ya wajumbe, mwandikieni mmoja kabla ya Februari kuisha: mtaje jambo moja, msiandike kumi. Mwombeni ajenda ya Baraza ikishatoka. Mkienda kwenye mkutano mkuu, ingieni kwenye kikao cha Jumatano msikilize. Wagombea wakitangazwa, mwambieni mjumbe mnamtaka nani na kwa nini. Baada ya kila mkutano daini taarifa kwenye kikao cha tawi. Asipotoa, andikeni majina yenu kwa kamati ya uteuzi ya tawi kabla ya uchaguzi wake, na kama miaka mitatu ni mingi anzeni na nafasi ya mjumbe mbadala, ambayo mara nyingi hukosa watu. Anayehitaji sauti kubwa zaidi ajaze fomu ya kuomba kamati. Na aliyehama jimbo arekebishe anwani yake kwenye rejista ya chama, kwa kuwa tawi hupangwa kwa msimbo wa posta. Ukiacha anwani ya zamani unaongeza idadi ya wanachama wa tawi ulilolihama na kupunguza ya hapo unapoishi, na idadi hiyo ndiyo inayogawa viti vya wajumbe.